Mtu wa Kwenda Naye Alhamisi

Ujiji, Kigoma
9 Agosti 2005

Dada yangu Yusra,

Shikamoo. Assalaam aleykum. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Tabora, wewe, Shemeji na watoto, na goti lako liwe limetulia. Huku tunaamka na kulala. Upepo wa kiangazi umeezua mabati mawili ya jikoni, nimeyarudisha. Mpapai wa Mama bado unazaa, ila mapapai yamekuwa madogo kama ngumi na majirani wanayaiba bila bidii.

Sikupiga simu kwa sababu habari hii ina mpangilio wake, na wewe ukishika simu unauliza la mwisho kwanza. Nina ombi, nalo ni kwamba nataka uje Kigoma. Kabla hujamwambia Shemeji lolote, soma mpaka mwisho. Naanza na Spesiosa.

Najua umetabasamu. Mwaka ule wa 1972 Mama alikwenda mwalo wa Katonga kununua migebuka akarudi na mtoto. Baba alipouliza samaki wako wapi, alijibiwa kwamba leo mwaloni hapakuwa na samaki, palikuwa na watu. Mitumbwi ya wakimbizi ilikuwa imeingia kutoka Burundi tangu alfajiri. Spesiosa alishuka na shangazi yake, na shangazi hakumaliza wiki. Wewe ndiye uliyemwogesha, ukamvalisha gauni lako la Idi, mimi nikanuna kwa sababu alipewa upande wangu wa mkeka. Alijua Kirundi tu. Mama akawa anamjibu kwa Kiha, wakaelewana kama waliozaliwa nyumba moja. Baada ya miezi michache alikuwa anatutukana kwa Kiswahili safi cha Ujiji.

Nimekuwa nikikumbuka sana dagaa siku hizi. Mama akishawamwaga mchangani, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mimi nilifukuza kunguru. Spesiosa aliwageuza kwa ufagio. Wewe hukufanya kitu, ulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu inaning'inia, ukitazama milima ya Kongo. Tulikulalamikia kwa Mama kwamba Yusra ni mvivu. Mama alisema kazi yako ndiyo kubwa. Wingu likitokea ng'ambo ulipiga kelele mara moja, na nyumba nzima ilimwagika nje na mikeka: Mama, Baba, wapangaji, hata yule fundi cherehani aliyekuwa hatusalimii. Siku uliyougua homa mvua ilikuja wote tukiwa nyumbani, mikono yote ipo, na dagaa wakaoza. Hakuna aliyeitwa.

Unajua kwamba aliolewa Mwandiga na Gahungu, ambaye naye alivuka ziwa mwaka uleule, na kwamba Gahungu alifariki miaka minne iliyopita. Usilolijua ni kwamba mwezi wa tano mwaka huu mashemeji zake wote walijiandikisha kurudi Burundi wakapanda malori. Walimwita. Akakataa. Walimwuliza anabaki na nani, akasema anabaki na mihogo yake. Walimwona mkaidi, wakaondoka wamenuna.

Jumapili iliyofuata alikuja hapa na mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa kwenye kibao cha Mama, akamenya ndizi, akaniambia bila kuinua uso kwamba ana virusi vya UKIMWI, na kwamba dawa za kurefusha maisha sasa zinatolewa hospitali mjini. Ndiyo sababu hakupanda lori. Alichokosa ni mtu. Kliniki haimwanzishii dawa mgonjwa asiye na mtu. Lazima aje na ndugu au rafiki anayejua hali yake, wakae pamoja darasani Alhamisi tatu, huyo mtu aahidi mbele ya nesi kwamba atamkumbusha dawa kila siku na atamtafuta akipotea. Alisema alikuwa na ukoo mzima, na sasa umebaki mwandishi wa habari mmoja, yaani mimi. Nikamwambia Alhamisi nina nafasi.

Anayefundisha ndiye nesi mwenyewe, Sista Regina, mama mnene asiye na haraka. Siku ya kwanza alituambia kwamba ndani ya damu kuna askari wa mwili, na virusi vinawaua. Spesiosa akanyoosha mkono. Alisema yeye askari amewaona wa kumtosha huko walikotoka, kama damu yake imejaa askari basi ni afadhali wapungue. Benchi zima lilicheka, mzee mmoja mpaka akapaliwa. Sista naye alicheka, kisha akafuta ubao na kuanza upya, na nilichoandika siku hiyo ndicho ninachokueleza. Nimemrudia mara mbili kuhakikisha.

Chembe nyeupe za damu si za aina moja. Ziko zinazomeza vijidudu, ziko zinazoua chembe iliyokwisha kuharibika, ziko zinazotengeneza kinga ya kumnasa adui. Iko aina nyingine ambayo kazi yake hasa si kupigana. Inaonyeshwa adui, inamtambua, kisha inawaita wenzake waje. Kwenye ngozi yake ina alama iitwayo CD4, na ndilo jina wanaloiitia. Spesiosa alinipiga kiwiko akasema kwa sauti: huyo ni Dada Yusra na dagaa wake. Sista akauliza Yusra ni nani, ikabidi tueleze darasa zima habari zako. Sasa unajulikana kliniki, na ukifika usishangae.

Virusi hivi vinamfuata huyohuyo mwitaji. Alama yake ya CD4 ndiyo vinayoishika kama kitasa, vinaingia ndani na kuchomeka maelekezo yao mle zinamokaa amri za chembe. Badala ya kuita, chembe inaanza kutengeneza virusi vipya, vinatoka na kwenda kushika nyingine, na yenyewe inakufa. Mwili unazaa nyingine, nazo zinashikwa. Mchezo huu unaweza kwenda miaka mtu akilima, akicheza bao, akiozesha mabinti. Mtu mzima mwenye afya ana chembe hizo mia tano mpaka elfu na zaidi katika tone dogo kuliko kichwa cha pini. Zikishuka chini ya mia mbili, wapiganaji wengine wapo lakini hakuna wa kuwaamsha, na maradhi ambayo mwili ungeyafukuza kama kunguru yanaingia na kukaa. Dawa haziviui virusi vyote, kwa sababu vingine hujificha katika chembe zilizolala. Zinazuia visijizalishe, na waitaji wanaongezeka tena polepole. Ukiacha dawa, vinaanza upya. Ndiyo maana wanataka mtu wa kukukumbusha.

Spesiosa alikuwa na tisini na saba. Alimaliza madarasa, nikaahidi mbele ya Sista, akaanza dawa mwezi uliopita. Wiki ya kwanza alitapika, akaota ndoto za ajabu, akanitukana kwa lugha tatu. Sasa anakula ugali wa muhogo na migebuka kama mpasua mbao.

Dada, lililobaki ni langu. Alhamisi ya pili Sista alisema wasaidizi wanaopenda nao wapime. Nilipima kwa sababu mwandishi hukaa vibaya akiwauliza watu jambo asilolijua mwenyewe. Ule upele wa mbavuni wa mwaka jana, niliokuambia umenichoma kama moto, ulikuwa mkanda wa jeshi, na Sista alipousikia aliacha kuandika. Nina virusi. Chembe zangu ni mia moja sitini na nne. Fatu, ingawa tumeachana, nilimfuata Kasulu nikamwambia mwenyewe. Amepima, yuko salama.

Sasa mimi ndiye ninayehitaji mtu. Nilimwendea Spesiosa nikiwa na hakika. Alikataa. Alisema yeye atanipikia, atanifulia, atanibeba mgongoni mpaka hospitali ikibidi, lakini hatakuwa shimo la kumficha Yusra kitu. Nikamweleza kwamba wewe uko mbali. Akasema treni ipo. Nikasema una mume na watoto. Akasema hata alipokuja yeye tulikuwa na mambo yetu. Kisha akanicheka: miaka ishirini unatangaza habari za watu, ya kwako huwezi kuifikisha Tabora?

Nilichokuwa nakiwaza ni sahani ya Pazi. Binamu yetu huyo alipougua UKIMWI, tulimtengea sahani na kikombe, na wewe ndiye uliyeviosha kwa majivu, mbali na vyombo vingine, nyuma ya nyumba. Hatukuwa na mtu wa kutufundisha. Lakini Pazi alikuwa anakusikia, Dada. Alinieleza alivyokuwa akihesabu hatua zako kutoka jikoni mpaka kule nyuma. Virusi hivi haviambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala mkeka. Sista atakwambia hivyo mwenyewe ukikaa naye, na uliza lolote.

Darasa langu linaanza Alhamisi ya tarehe ishirini na tano. Nitakuja kukupokea stesheni. Usipofika, nitasubiri kundi la mwezi ujao, na Sista hapendi nisubiri. Jibu lako liwe lolote, naomba liwe la kweli.

Nisalimie Shemeji, wabusu watoto, mwambie yule mdogo kalamu aliyoomba nimeiweka. Majirani wanakusalimu, na fundi cherehani naye, ambaye siku hizi anasalimia.

Spesiosa yuko hapa barazani. Amesoma kila ukurasa nilipoumaliza, akasema nimeiandika kama taarifa ya habari, imekamilika, ila mtu mwenyewe hayumo. Amekataa kuipeleka posta mpaka niongeze jambo moja.

Naogopa, Dada. Njoo.

Mdogo wako,
Luqman