Picha za Mkaguzi

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kazi ya dobi inaendaje, na mgongo je? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalolalamika, nalo nimelizoea.

Lile kundi la wapenda wanyama uliloniingiza kwenye simu limekua, acha tu! Tulikuwa arobaini, sasa tumepita elfu sita. Kila asubuhi kabla sijaanza kushona viatu natuma picha ya paka wetu Mkaguzi, na watu wananiuliza nimeamkaje. Msimamizi wetu, Mama Kasuku, hakosi hata siku moja. Tangu mama yako atutoke sijasalimiwa hivi.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mgongo umetulia. Nimechungulia kundini. Jana ulituma picha ya Mkaguzi amelala juu ya viatu, nyuma yake pazia la bluu. Baba, lile pazia tulilichanachana mwaka juzi, tukapata vitambaa vya kung'arishia viatu. Paka yuko wapi?

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kwa macho hayo ungekuwa polisi. Mkaguzi alikufa mwezi wa saba. Nilitaka kukwambia ulipopiga, ukasema utanipigia baadaye. Picha zake ninazo mia mbili na ushee, nazizungusha. Sasa kundi limekuwa kubwa, wameweka sheria: asiye na mnyama anatolewa. Wakinitoa, nani ataniuliza nimeamkaje? Niache hivyo hivyo, nakuomba.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Unadanganya watu elfu sita kila asubuhi! Mimi ndiye niliyekuingiza, aibu ni yangu. Utawaambia lini? Jumapili ikifika kabla hujasema, nitasema mimi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nisamehe kukaa kimya. Nilikukasirikia, sasa hasira zimepungua.

Niliwaambia Jumamosi, kabla Jumapili yako haijafika. Nikazima simu, nikashika kiatu nikishone, nikajichoma sindano. Kuja kuiwasha, wee! Aliyenitukana ni mmoja tu, wakamnyamazisha. Mama Kasuku akasema sheria waliitunga kwa ajili ya matapeli wanaouza dawa za uongo, hawakunifikiria mimi. Wameibadilisha: aliyefiwa na mnyama wake anabaki. Basi wakajitokeza wengine kumi na tisa, nao kumbe walikuwa wakituma picha za zamani! Nilicheka peke yangu humu chumbani, halafu nikalia.

Wakaniuliza aliumwa nini. Nilimzika wapi. Nani alinisaidia kuchimba na goti hili. Nikawajibu mmoja mmoja.

Wewe uliniuliza nitawaambia lini. Sikulaumu mwanangu, lakini iliniuma, na nimeona nikwambie.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimesoma nikiwa nimesimama katikati ya mashuka ya watu, machozi yananitoka, wenzangu wanadhani ni sabuni. Sina la kujitetea. Nisamehe. Aliumwa nini, Baba? Ulimzika wapi? Nani alikusaidia?

Mwanao

5 Aprili

Baba, shikamoo. Umepata ujumbe wangu?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Niliupata, na asante kwa kuuliza. Nimekaa mara tatu nikuandikie, nikashindwa. Yale nimeshayasimulia mara moja, na kuyarudia siwezi. Yote yamo kundini, tafuta Jumamosi ile, usome taratibu.

Usiende kazini na njaa.

Baba yako