Miwa Imelala Chini, Mizani Ni Moja

Yusrah, usinipigie, nitalia mbele za watu. Soma tu.

Unakumbuka ile ratiba niliyowaandikia wakulima wa miwa, ya kuongeza wakataji mara mbili ili miwa isikae shambani ikachacha baada ya kuchomwa majani? Imefanya kazi. Shamba la mama Marciana lilichomwa juzi asubuhi, na kufikia jioni lilikuwa limekatwa lote. Nilipigiwa makofi, Yusrah.

Sasa niko naye hapa kiwandani. Kuna matrela arobaini na moja na mizani moja. Moja. Ilikuwa moja tangu mwanzo, na mimi nikaenda kuharakisha panga. Tumelala siku mbili kwenye foleni.

Zamu yake imefika sasa hivi. Mpimaji amekata kipande, akapima utamu, akasema, "Mama, hii imeshachacha. Siipokei."

Shamba la mwaka mzima. Siipokei.

Mama hakugomba. Amenigeukia mimi, kwa upole kabisa: "Mwanangu, si ulisema tukiharakisha ndiyo tutapona?"

Nikamjibu, "Shikamoo, mama." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, Yusrah.

Akaitikia, "Marahaba."

Nimekimbilia simu kumpigia mzee Machibya, anayefuata kuchoma leo. Nikamwambia, "Babu, nakuomba usichome, foleni haisogei."

Akasema, "Tumeshawasha tangu saa mbili, mjukuu wangu, kama ulivyotuandikia. Wakataji wako wamefika mapema, asante sana."