Kipimo cha Gari Lako Kilifi

Malindi, Jumanne

Kaka Mahir,

Shikamoo. Mama amepona kikohozi, na mipapai ya uani imeanza kuzaa.

Jana Muzammil, mchumba wa Lubna, alilipandisha gari lako la injini ya rotari kwenye mashine ya kupimia nguvu, gerejini kwake Kilifi, ili arekebishe turbo. Nilifuatana naye, akaniambia:

"Kaa nje, dada. Kelele zake zitakutoa roho."

Nilikaa nje kwa muda wa saa mbili. Sikusikia mngurumo hata mmoja. Akatoka na karatasi ya vipimo.

"Nguvu za farasi mia tatu na arobaini, mashallah!"

Nikagusa boneti. Ilikuwa baridi.

Huyu ndiye atakayemwoa mdogo wetu Ijumaa. Baba hayupo, walii ni wewe. Usimpe shehe idhini ya kufunga nikaha kabla hujanipigia.

Nduguyo,
Shekha