Jicho la Nyuma ya Tela

Jumatatu, 4 Machi

Zimefungwa. Kamera! Moja mgongoni mwa tela, mbili pembeni, na skrini pale mbele karibu na usukani. Mume wangu analizunguka gari kama bwana harusi. Kipya kinyemi.

Na fundi ni mwanamke. Hilo hakunitajia. "Fundi mmoja hivi" — ndivyo alivyosema wiki nzima. Kumbe fundi mmoja hivi ana ovaroli iliyomkaa vizuri na penseli kichwani, imechomekwa kwenye nywele. Nimempa jina: Bi Skrini.

Alinieleza kwa adabu. Eti tela likijaa makabati vioo vya pembeni havioni kitu nyuma. "Sasa baba ataona mpaka paka akipita, mama."

Nikasema asante. Ataona paka! Na mimi je? Tangu tuanze kazi hii ya kuhamisha watu, anayesimama nyuma ya tela ni mimi. Napunga mkono, yeye ananitazama kwenye kioo. Njoo. Njoo. Kata kulia. Hapo! Mume gani mwingine anamkodolea mkewe macho hivyo kila siku ya kazi?

Jumatano, 6 Machi

Leo tumemhamisha mwalimu mstaafu. Kichochoro chembamba, ukuta huku, mtaro kule. Nikashuka kama kawaida, nikasimama mahali pangu, mkono juu. Honi! Nikadhani kuna mtu. Honi tena. Akatoa kichwa dirishani: "Toka hapo, mama, unaziba kamera!"

Naziba. Mimi.

Mwalimu yupo, mkewe yupo, wapakiaji wapo, wote masikio wazi. Nikajitia hamnazo, nikaenda kuokota mto ulioanguka. Tela likaingia taratibu, sawasawa, bila mimi. Hata ukuta halikuugusa. Nilitamani liuguse.

Ijumaa, 8 Machi

Karudi kwa fundi. Eti picha inatetemeka. Kavaa shati la mistari. Shati la mistari kwenda gereji!

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Nilipita kama mtu anayekwenda dukani. Barabara ile haina duka hata moja, lakini nani ataniuliza?

Wamekaa juu ya tairi kuukuu, wawili tu. Yeye anaongea kwa sauti ya chini, Bi Skrini anasikiliza, kichwa upande. Hawacheki. Wangecheka ningepata nafuu — mtu hucheka na yeyote. Lakini kuongea vile, macho chini, anafuta mikono kwenye suruali... Na mkononi mwa Bi Skrini, kikombe cha chupa yangu ya chai! Ile nyekundu. Tangawizi nimetwanga mimi. Na asubuhi aliniomba niongeze sukari. Yeye hanywi sukari!

Nikageuka. Alipofika nyumbani nikamuuliza kama picha imetulia. "Imetulia." Basi. Akala, akashukuru, akalala mchana wote kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tumemaliza kupakia, wote wako mbele wanafunga kamba. Nikachota tope, pa! kwenye jicho la nyuma. Nilitaka aniite tu. Aone giza, atoe kichwa, aseme njoo, mama, nielekeze. Sikutaka kingine, Mungu ananiona.

Hakuita. Alisema, "Picha imekufa," akaendelea kurudi nyuma kwa zile kamera mbili za pembeni. Kona ya tela ikagonga nguzo ya kibaraza. Ndani kabati la vyombo likapiga mweleka. Mlio ule wa vioo! Mwenye mali, bibi mmoja mnene, akashika kichwa, akakaa chini palepale.

Kwenye kibaraza kile, muda mfupi kabla, walikuwa wamekaa wajukuu zake. Waliitwa kula. Waliitwa kula tu, vinginevyo —

Siwezi kuandika.

Mume wangu aliinama kwa yule bibi kuomba radhi, mimi nimesimama kando na mikono nyuma. Kisha akatoa simu. Bila shaka. Nani mwingine wa kumpigia?

Jumanne, 12 Machi

Bi Skrini amekuja nyumbani kwangu. Kwangu! Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.

Tope lilikuwa limekauka, alama za vidole zinaonekana wazi. Aliliangalia. Akaangalia mkono wangu ulioshika sinia. Kisha akachukua kitambaa akafuta, akamwambia mume wangu, "Barabara chafu siku hizi, baba. Uwe unaifuta kabla ya safari." Amenisitiri. Nimechukia kusitiriwa na yeye.

Mume wangu alipoingia ndani kutafuta spana, akanisogelea. Akaniuliza kama najua kwa nini kamera zilinunuliwa. Nikasema ili paka waonekane. Hakucheka.

"Siku ya geti la buluu, mama. Anasema alikupoteza kwenye kioo. Akadhani umesogea, akaendelea kurudi. Mpaka akasikia kiganja chako kinapiga bati. Anasema mpaka leo akifumba macho anakisikia."

Geti la buluu! Nalikumbuka. Tela linakuja, ukuta mgongoni, nikalipiga makofi bati, likasimama kifuani pangu kabisa. Nikamwambia, "Umelala?" Tukacheka. Hapana. Mimi nilicheka. Yeye alishuka akaenda kukojoa, akakawia sana.

Mke mwingine angelia kwa furaha. Mimi hasira imezidi. Hofu ile ilikuwa yangu! Mimi ndiye niliyekuwa ukutani. Yeye kaibeba hadi gereji, kaimwaga mbele ya mtu baki, pamoja na chai yangu. Angemwambia Bi Skrini ni mzuri, ningemsamehe upesi zaidi.

Alhamisi, 14 Machi

Leo akasema, "Usishuke. Panda huku mbele." Sijawahi kukaa naye mbele anaporudi nyuma. Kwenye skrini uwanja mtupu na mistari ya rangi, kijani, njano, nyekundu. Hakuna mtu.

Nikamuuliza, "Siku ya geti la buluu, ulinipoteza?"

Breki! Sote tukaenda mbele. Hakunigeukia. Macho kwenye skrini, palepale ambapo ningekuwa nimesimama.

"Nani kakuambia?"

Hakusema ndiyo. Hakusema nisamehe. Nani kakuambia!

"Uliyemwambia," nikamjibu.

Akafungua mdomo. Mteja akagonga dirisha, kuna nini, mbona mmesimama? Tukarudi nyuma. Tukashusha vitanda.

Sasa yuko uani anaosha tela. Simu yake iko hapa mezani, inaita. Imeandika "Fundi Kamera".

Nimemwambia kupitia dirishani, "Simu yako!"

"Ya nani?"

"Ya fundi wako."

"Pokea wewe, mama. Nina sabuni."

Imekatika.

Maji nayo yamenyamaza huko nje. Hapigi brashi. Amesimama tu, najua, anasikiliza.

Inaita tena.