Mume Wangu Amemuua Mama Ndani ya Gemu

Dada Immaculate, naomba msaada kabla sijatamka neno litakalonitoa kwenye ndoa. Nina duka la gemu hapa Rhonda, watu hulipia dakika za kucheza, nililianza na televisheni moja yenye ufa na leo ninazo nane, kwa hivyo najua kinachomrudisha mteja na kinachomfukuza, lakini mume wangu Wanyoike haniulizi mimi, anawauliza vijana wa mtandaoni. Mwaka jana alianza kuunda gemu yake mwenyewe na hadithi nilimpa mimi, ni ya mama yangu wa Kariandusi, jinsi alivyokuwa msichana akamfuata ng'ombe wao aliyepotea wakati wa kiangazi, anauliza njia, anachota maji, akimpata anamkamua na kumrudisha nyumbani, basi, imeisha. Tuliiweka dukani watu waijaribu na nusu ya walioimaliza waliianza tena, kuna fundi wa mjengo huja kila jioni kukamua tu, haongei na mtu. Sasa Wanyoike amesikia kwamba hadithi isiyo na mshtuko mwishoni ni uji bila sukari, akaibadilisha, eti ng'ombe akipatikana unaambiwa yule msichana alikufa kwa kiu zamani, kumbe ulikuwa ukiendesha mzimu. Nikamuuliza, "Baba Cheruto, sasa nani amekuwa akikamua?" Akanijibu, "Hapo ndipo kuna maana. Wewe endelea kuuza dakika." Kwa hasira nikautangaza mwisho huo kwa benchi nzima ya wateja, na sasa hakuna anayetaka kuufikia. Hatuongei. Jumamosi mama anakuja kuiona gemu yake na hajui kwamba ndani yake yeye ni marehemu. Nifanye nini?

Chelagat, Nakuru

Pole, Chelagat, na pia shika adabu. Kuharibu kazi ya mtu kwa mdomo si hoja, ni kisirani, na anayejua hesabu ya wateja hafukuzi wake mwenyewe. Hata hivyo umetuonyesha kitu bila kukusudia: mwisho unaokufa mara tu mtu wa benchi anapopayuka haukuwa na uhai mwingi. Yule fundi anajua ng'ombe atapatikana, na bado anakuja.

Siuchukii mshtuko. Kuna hadithi hukugeuzia kibao ukatamani kurudi mwanzo, uone ulichokipita ukikitazama. Huo ni ustadi. Lakini kumchotesha mtu maji jioni nzima, kisha umwambie hakuna aliyekunywa, huko si kumpa maana, ni kumnyang'anya jasho. Wanyoike anaogopa tu kuonekana mshamba, ndiyo maana akamzika mama mkwe wake akiwa hai.

Usibishane naye tena, wala usimdokezee mama. Jumamosi mketishe mbele ya televisheni iliyo nzuri kuliko zote, umpe pad ya kuchezea. Najua mkwe mwenye heshima hakai ubavuni mwa mama mkwe wala hamkazii macho, lakini siku hiyo Wanyoike akae. Mama akishampata ng'ombe wake, zima sauti. Mumeo amgeukie amwambie kwa kinywa chake, "Mama, wewe ulikufa." Akiweza kuimaliza sentensi hiyo, mwisho wake na ubaki.