Jicho la Mama, Wamesema Limeshatibiwa

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi hali yako, na wifi, na watoto? Mgongo umepoa, au bado unabeba mizigo kazini kama kijana wa miaka ishirini? Sisi tu wazima. Mama naye mzima, na nimelitanguliza hilo makusudi ili usome yanayofuata bila kupandisha presha.

Uliniuliza kwenye simu mbona Mama amekuwa mkimya. Sikukujibu kwa sababu alikuwa ameketi karibu yangu. Leo nakuandikia, maana mambo yenyewe hayasemeki kwenye simu.

Unajua mtoto wa jicho alivyomtesa. Fundi aliyekaa kwenye cherehani miaka arobaini akawa anapapasa ukuta kwenda msalani! Hospitali ya serikali walisema chumba cha upasuaji wa macho kimejaa, wakampa rufaa ya kliniki binafsi, gharama zote juu ya serikali. Tulifurahi, kaka. Hata gauni nilimpigia pasi.

Kule mapokezi kuna viti vya ngozi na maua. Binti wa pale akaishika barua yetu kwa ncha za vidole. "Ninyi wa serikali? Mlango wa nyuma, kupitia kwenye kufulia." Huko nyuma tulikuta benchi mbili. Pamoja na Mama wakawa wazee tisa, wote na njaa tangu asubuhi, miguu yao imebanwa na matenga ya mashuka machafu.

Saa saba mchana Mama akaitwa, mimi nikazuiwa nje ya pazia. Aliniambia baadaye kwamba aliletewa karatasi asaini. Akaomba asomewe. Muuguzi akamjibu, "Ya kawaida tu hiyo, bibi," akamshika dole gumba na kulichovya kwenye wino. Mama yetu, mwenye mwandiko mzuri kuliko mimi na wewe!

Dakika kumi baadaye wakamtoa. Wakaniambia daktari, na jina wakamtaja, amesema sukari iko juu, arudi siku nyingine. Sikubisha, sukari ni sukari. Tukarudi mara tatu. Mara ya nne wakasema jina lake halipo.

Tukaenda tena hospitali ya serikali. Karani akabonyeza kompyuta yake, akasema, "Huyu ameshafanyiwa upasuaji. Jicho la kulia. Ameridhika na huduma, na dole lake hili hapa."

"Mtazame basi!" nikamwambia. Jicho jeupe kama maziwa.

Hakuinua hata kichwa. "Mfumo unasema ametibiwa."

Mimi nilishaanza kulia kwa hasira. Mama akapaza sauti, korido nzima ikasikia: "Mwambie huyo mfumo aje anishike mkono nivuke barabara."

Watu wakacheka. Daktari mmoja, dada mdogo tu, akatoka chumbani kwake, akammulika jicho, akauliza ni daktari gani aliyempokea kule kliniki. Nilipomtajia, uso ukambadilika. "Huyo ni mkuu wangu. Saa hizi alitakiwa awe hapa." Akatufungulia chumba kile cha upasuaji walichosema kimejaa. Kitupu, kaka! Mashine imefunikwa shuka, na huyo mkuu yuko kliniki anailipisha serikali upasuaji asioufanya. Wiki iliyofuata, sukari iliposhuka, daktari dada yule mwenyewe alimfanyia Mama upasuaji, akijua fika kwamba atakiona cha moto.

Mama anaona. Juzi ametunga uzi kwenye sindano peke yake, akalia, kisha akajikasirikia kwa kulia.

Lakini hazungumzii jicho lake. Anazungumzia wenzake wa kwenye benchi. Tumewatafuta, tumewapata wanne. Watatu wameandikwa wamepona, na hawaoni mbele wala nyuma. Wa nne, dereva mstaafu, tulikuta amezikwa. Mjane wake alisema mumewe alikosea ngazi, akaanguka. Kwenye kompyuta naye ameridhika.

Jumatatu tunakwenda ofisi ya afya, sisi, wale watatu na yule mjane. Daktari dada amesema atakuja na kusimama nasi. Mama amekataa nimwandikie malalamiko; ameyaandika kwa mkono wake, kurasa nne.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mjomba Kipara na mama mdogo wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na macho yako ayatunze.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda,
Dada Kitinda.