Mchele Ndani ya Mashine ya Michezo

Jumamosi, Novemba 1978

Basi mimi, niliyefufua redio kutoka Mai Mahiu hadi Elburgon, leo nimeitwa mjinga katika mtaa wa Milimani, na nikakubali.

Ile mashine ya michezo niliyomuungia mteja wangu Ramesh kwenye televisheni yake wiki jana ilikataa kuwaka. Kuifungua tu, nikakuta punje za mchele na unga mwekundu zimekwama kwenye swichi. Kumbe mama yake aliibariki kwa kuinyunyizia hivyo siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, ndiyo desturi yao. Mama mwenyewe, kasimama mlangoni, akanitazama kwa macho ya kuomba nisiseme.

"Nani ameharibu?" Ramesh akafoka.

"Mimi, bosi. Sikukaza waya."

"Fundi gani mjinga wewe!"

Mchele nilikuwa nimeshautia mfukoni, asiuone. Wateja wa Milimani nimewapoteza, najua. Mama akanijazia chai vikombe vitatu. Nimekunywa vyote.